Baiskeli Kandokando ya Mifereji na Mito ya Msimu ya Bahi: Mwongozo Kamili wa Safari ya Siku Moja Isiyo na Magari

Wasomaji wanaonieleza kwamba safari yao ya baiskeli katika tambarare ya Bahi, magharibi mwa Dodoma, ilikwama husimulia karibu kisa kilekile. Walitoka Dodoma mjini saa 3 asubuhi, wakateremka kwa raha huku upepo ukiwasukuma mgongoni, wakafika kwenye mifereji ya mpunga jua likiwa utosini, wakapata pancha ya kwanza, kisha ya pili, maji yakawaishia, na walipogeuza kurudi wakakuta upepo na mwinuko vinawangoja pamoja. Wengi wao walihitimisha kwamba hawana nguvu za kutosha. Sivyo. Walipanga safari kwa kutazama umbali, ilhali katika nchi tambarare umbali ndiyo sehemu rahisi. Kinachoamua ni udongo, upepo na saa.

Mwongozo huu ni wa mzunguko wa kilomita 35 hadi 45 unaoanzia na kuishia Bahi, kwa kupita juu ya matuta ya mifereji ya umwagiliaji, njia za mashambani na kingo za mito ya msimu, mahali ambapo gari utakaloliona kwa nadra ni trekta. Hatua hizihizi zinafaa pia katika skimu nyingine za mpunga za kanda ya kati.

Vifaa vya kukusanya kwanza

Usianze kupanga njia kabla hujawa na vitu hivi, kwa sababu baadhi yake havipatikani ukishaondoka mjini.

- Baiskeli yenye matairi mapana. Kwa baiskeli ya gia ya saizi 26, tairi la inchi 1.75 hadi 2.2 linafaa. Baiskeli ya kawaida ya mzigo yenye tairi la 28 × 1½ inafaa pia, mradi meno ya tairi hayajaisha na uwe tayari kushuka na kusukuma penye mchanga. Tairi jembamba la baiskeli za mbio liache nyumbani.
- Tyubu mbili za akiba, viraka visivyopungua kumi, kipande cha msasa, vijiko vya kutolea tairi, spana inayoingia kwenye nati za magurudumu yako, na solusheni ambayo haijawahi kufunguliwa. Solusheni iliyofunguliwa miezi mitatu iliyopita mara nyingi utaikuta imekauka ndani ya kopo.
- Pampu ya mkono uliyoijaribu kwenye valvu zako mwenyewe. Kuna valvu nene kama ya gari na valvu nyembamba, na pampu yenye mdomo usiolingana haina faida yoyote porini.
- Tyubu mbili kuukuu za kutengenezea bitana, kama nitakavyoeleza katika Hatua ya 5.
- Koleo dogo la kung'olea miiba, na kijiti kigumu au bisibisi ya zamani ya kukwangulia tope.
- Maji lita 4 kwa kila mtu, pakiti mbili za chumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini, na chakula kisichoharibika kwa joto: karanga, ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa.
- Simu yenye ramani iliyopakuliwa, chaji ya akiba, na karatasi yenye majina ya vijiji utakavyopita.
- Kofia ngumu, miwani, shati la mikono mirefu, kitambulisho, na pesa taslimu za noti ndogondogo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua siku

Dodoma hupata mvua kidogo, kwa wastani chini ya milimita 600 kwa mwaka, lakini karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Katika miezi hiyo njia za Bahi hazipitiki kwa baiskeli, hata siku ambayo mbingu ni nyeupe, kwa kuwa udongo wa mbuga, yaani mfinyanzi mweusi, hushika maji kwa muda mrefu.

Mwezi Februari, mwaka mmoja, niliingia huko asubuhi iliyofuata mvua ya usiku. Sikumaliza hatua ishirini. Tope jeusi lilijaa kati ya tairi na madigadi, gurudumu la nyuma likasimama kama lililofungwa kwa kamba, na nilipolivuta kwa nguvu likaburuzika badala ya kuzunguka. Niliibeba baiskeli begani karibu kilomita mbili, nikisimama kila mara kukwangua, huku kila hatua ikiongeza unene wa tope chini ya viatu vyangu. Baiskeli ile ilirudi na mikwaruzo ya rimu ambayo haikutoka tena.

Kipindi kizuri ni kuanzia katikati ya Juni hadi mwisho wa Agosti. Mpunga mwingi unakuwa umevunwa, matuta yamekauka, na asubuhi ni ya baridi ya kukufanya utamani koti. Septemba na Oktoba inawezekana, ila upepo na vumbi huwa vikali zaidi, na kuelekea Novemba joto hupanda kiasi kwamba saa za kuendesha zinabaki chache sana.

Kiangazi nacho kina hatari yake. Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka, na baadhi ya nyufa zake zinatosha kumeza tairi zima. Ufa unaokatiza njia hauna shida. Ufa unaokwenda sambamba nawe ndio unaokuangusha. Uvuke kwa pembe mraba, na ukishindwa, shuka.

Hatua ya 2: Jifunze kuusoma udongo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote.

Kwenye tambarare ya Bahi utakutana na ardhi za aina nne. Ya kwanza ni udongo mwekundu wa kichanga unaopatikana kwenye miteremko midogo ya pembeni; ukiwa mkavu unapitika vizuri isipokuwa pale ambapo mikokoteni imeutimua. Ya pili ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi, mzuri kama sakafu wakati wa ukavu na usiopitika kabisa ukilowa. Ya tatu ni mchanga mtupu wa makorongo na mito ya msimu. Ya nne iko karibu na bwawa la Bahi, ambako mto Bubu humwaga maji yake yasipate pa kutokea: huko maji hukauka na kuacha ganda jeupe la chumvi. Ganda hilo linaonekana gumu, lakini chini yake mara nyingi ni laini, na gurudumu la mbele hupenya ghafla. Pita pale tu unapoona alama mpya za mikokoteni au baiskeli za wenyeji.

Namna ya kuutambua mfinyanzi nilifundishwa na mzee mmoja niliyemkuta akizibua mfereji mdogo kwa jembe. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akayatazama matairi yangu kabla hajanitazama mimi. Aliinama akaokota bonge dogo la udongo, akalilowesha kwa maji ya mfereji, akalisokota kati ya viganja vyake mpaka likawa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti. Halafu akaupinda uzi ule taratibu, ncha zikakutana, ukawa pete bila kukatika. "Ukipindika hivi, mvua ikinyesha usipite na chuma chako hapa," akaniambia. "Ukikatika, pita."

Kipimo hicho hakijawahi kunidanganya. Kifanye mahali pawili au patatu mwanzoni mwa njia, na tena kila rangi ya udongo inapobadilika. Umefaulu hatua hii ukiweza kusema, kwa kutazama njia iliyo mbele yako, ni wapi utapita hata kukinyesha manyunyu na ni wapi itakubidi ugeuze mara moja.

Hatua ya 3: Chora njia kwa kufuata kazi ya maji

Mtu asiyejua mfereji unavyofanya kazi hupotea haraka kwenye skimu, kwa sababu matuta yote yanafanana. Mpangilio wenyewe ni rahisi. Mtoni kuna banio linaloinua maji na kuyaelekeza kwenye mfereji mkuu. Mfereji mkuu haushuki mteremko moja kwa moja. Unauzunguka kwa kufuata usawa wa ardhi, ukishuka kidogo mno, ili maji yatembee bila kumomonyoa kuta. Kutoka hapo mifereji midogo inateremka kwenda kwenye majaruba, yaani vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, kupitia vigawa maji, na upande wa chini kabisa kuna mtaro wa kuondolea maji yaliyozidi.

Mwendesha baiskeli anapata mambo matatu hapo. Tuta la mfereji mkuu ndilo njia bora, kwa kuwa ni tambarare, limeshindiliwa, na kwa kawaida lina upana wa kupitisha watu wa matengenezo. Njia za mifereji midogo mara nyingi huishia kwenye kigawa maji cha mwisho, halafu unabaki umezungukwa na majaruba. Na mtaro wa kuondolea maji ndio utakaokuzuia kuvuka, hivyo kabla ya safari tafuta makalvati na vivuko vyake vyote.

Fungua picha za setilaiti kwenye simu au kompyuta. Mifereji huonekana kama mistari yenye mpaka mkali: upande mmoja vipande vya majaruba, upande wa pili vichaka. Weka alama kwenye kila banio, kila kalvati na kila kijiji, kisha pakua ramani ili itumike bila mtandao. OsmAnd na Organic Maps zinafanya kazi hiyo vizuri.

Sasa zingatia upepo. Katika miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma hutoka mashariki na kusini-mashariki, asubuhi ukiwa mpole na ukizidi nguvu kadiri jua linavyopanda. Kwa hiyo mzunguko wako lazima uanze kwa kuelekea mashariki au kusini-mashariki, ukiwa na nguvu na upepo ukiwa bado umelala, na umalizike ukiupa mgongo. Wanaofanya kinyume hufurahia saa mbili za kwanza na kuteseka saa nne zinazofuata.

Kuna tahadhari mbili kuhusu ramani. Makutupora ziko mbili: moja ni ya kaskazini mwa Dodoma mjini, yenye visima vinavyolisha jiji maji, na nyingine ni ya upande wa magharibi kuelekea Manyoni, inakopita reli ya kisasa. Nimewahi kukutana na vijana waliopanga kukutana Makutupora, kila kundi likaenda yake. Tahadhari ya pili ni reli yenyewe: usiichore njia yako ndani ya eneo la reli, iwe ya zamani au ya kisasa, hata kama kandokando yake kunaonekana njia iliyonyooka. Eneo hilo si la kupita watu, na treni ya umeme inafika kwa kasi kabla hujaisikia.

Hatua ya 4: Omba ruhusa

Tuta la mfereji si barabara ya umma. Linatunzwa na wakulima wenyewe kupitia chama chao cha umwagiliaji, na tairi moja linalokata tuta dogo la jaruba linaweza kumwaga maji ambayo mtu ameyasubiri zamu yake kwa siku kadhaa.

Siku moja kabla, au asubuhi unapofika, pita kwenye ofisi ya kijiji au kwa mwenyekiti wa chama cha umwagiliaji. Jitambulishe, eleza kwamba mnapita kwa baiskeli tu, onyesha njia yenu, na uulize ni mifereji ipi ina maji na ni ipi inafanyiwa ukarabati. Ukiwa kwenye eneo la Wagogo, salamu ya "Mbukwenyi" kwa kundi la watu hufungua mazungumzo kuliko maelezo marefu. Wazee waamkie kwa shikamoo, na ushuke kwenye baiskeli unapowaamkia. Kumsalimia mtu mzima ukiwa umekaa juu ya siti ni utovu wa adabu, na watu watakukumbuka kwa hilo.

Ukitoka hapo na jina la mtu mmoja wa kumtaja ukiulizwa njiani, pamoja na namba yake ya simu, hatua hii imekamilika.

Hatua ya 5: Andaa matairi

Kanda ya kati ni nchi ya miiba. Inayotoboa zaidi ni mbigili, mmea unaotambaa chini na kuzaa vijitunda vikavu vyenye miiba iliyokaa kwa namna ambayo, kwa vyovyote kitakavyoanguka, mwiba mmoja hutazama juu. Huota baada ya mvua kwenye ardhi iliyokanyagwa, kandokando ya njia, kwenye mapito ya ng'ombe na karibu na mazizi, kisha hukauka na kuwa migumu kama misumari kiangazi kinapoanza, yaani wakati uleule tunaotaka kuendesha. Baada ya hiyo kuna miiba mirefu ya migunga, ambayo wenyeji huikata kuzungushia mashamba na mazizi, na vipande vyake hubaki vimetapakaa njiani.

Fanya hivi, usiku wa kuamkia safari na si asubuhi:

Kwanza, toa matairi yote mawili na upitishe vidole ndani polepole. Mwiba uliobaki ndani ya tairi tangu safari iliyopita ndio hutoboa tyubu mpya ndani ya dakika tano, na watu hulaumu tyubu.

Pili, weka bitana. Chukua tyubu kuukuu, kata sehemu ya valvu, ipasue kwa urefu mpaka iwe utepe mmoja mrefu, ioshe na kuikausha. Itandaze ndani ya tairi, kati ya tairi na tyubu, ncha zipishane sentimita tatu hivi. Hakikisha haijakunjwa popote, kwa kuwa mkunjo husugua tyubu na kuitoboa bila mwiba wowote. Bitana huongeza uzito kidogo, nami nakubali uzito huo bila kusita. Ukipata maji ya gundi yanayomiminwa ndani ya tyubu kupitia valvu, yatumie pamoja na bitana, usiyaweke badala yake.

Tatu, jaza upepo kwa kipimo. Kosa la kawaida ni kujaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe kwa kudhani ugumu huzuia miiba. Hauzuii. Tairi gumu huzama mchangani na hukurusha kwenye matuta. Kwa mtu wa kilo 60 hadi 70 mwenye tairi la inchi 2.0, psi 30 mbele na 34 nyuma zinatosha. Kwa tairi la 1.75 ongeza hadi psi 38 au 40. Kwa tairi la 28 × 1½ usishuke chini ya psi 45. Mwenye kilo nyingi zaidi au mwenye mzigo kwenye keria aongeze kidogo upande wa nyuma. Usipunguze kupita hapo, kwani tairi laini mno likigonga jiwe hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yanayotazamana.

Huna geji? Bonyeza juu ya tairi kwa kidole gumba kwa nguvu zako zote: libonyee kidogo, kisha lirudi mara moja. Kisha kaa juu ya siti na umwombe mwenzako alitazame tairi la nyuma. Linapaswa kutanuka pembeni kwa kiasi kidogo tu, bila rimu kukaribia ardhi.

Kama baiskeli yako ina madigadi yaliyo karibu sana na tairi, yainue au yaondoe. Nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na madigadi inatosha.

Hatua ya 6: Fika Bahi bila kuendesha

Bahi iko karibu kilomita 60 magharibi mwa Dodoma, na iko chini yake kwa zaidi ya mita 250. Hilo peke yake linaeleza kwa nini watu huenda kwa urahisi na kurudi kwa taabu. Isitoshe, barabara kuu ya kwenda Singida ina malori na mabasi ya mwendo kasi, na bega lake si mahali pa kujifunzia uvumilivu.

Panda gari la kwenda Bahi, Manyoni au Singida jioni ya siku iliyotangulia. Patana nauli ya baiskeli na konda kabla haijapakiwa, toa gurudumu la mbele, funga cheni kwa kitambaa, na usimame pale mpaka uone imelazwa upande usio na gia. Lala Bahi. Nyumba za wageni zipo, na usingizi wa huko una thamani kuliko saa mbili za barabarani alfajiri.

Hatua ya 7: Endesha

Ondoka saa 12:30 asubuhi, mara tu mwanga unapotosha kuona miiba. Kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ambao ndio wa kweli kwenye vumbi, kilomita 40 zitakuchukua takriban saa tatu na nusu za kukanyaga, na pamoja na mapumziko utakuwa umerudi kabla ya saa 6 mchana.

Juu ya tuta la mfereji, baki kwenye mstari uliosafishwa na nyayo na magurudumu. Nyasi za pembeni huficha mbigili, mashimo ya panya, na mara nyingine kifutu anayeota jua asubuhi. Nyoka huyo hakimbii anaposikia kishindo, hivyo usiweke mguu mahali usipopaona. Tazama mita kumi mbele badala ya kutazama gurudumu.

Kwenye mchanga, badilisha gia iwe nyepesi kabla hujaingia, rudisha uzito nyuma, legeza mikono, kanyaga bila kukatisha, na uache usukani uyumbe kidogo. Anayeubana usukani na kukata kona kali huanguka. Mchanga ukizidi mita hamsini, shuka usukume. Unaokoa nguvu utakazozihitaji baadaye.

Mto wa msimu uvuke pale wanapovuka wenyeji. Ndani ya mchanga wake watu huchimba visima vya maji ya kunywa na kuvizungushia matawi ya miiba ili mifugo isiingie. Pita mbali navyo, kwa heshima ya maji yao na kwa usalama wa matairi yako. Na kama ni mwezi ambao mvua zimeanza kunyesha kokote upande wa Kondoa, usipumzike kamwe ndani ya korongo. Maji hufika kwa ghafla mahali ambapo hata tone halijadondoka.

Ukikutana na ng'ombe, simama mapema, shuka, sogea upande ambao mchungaji anakuonyesha, na baiskeli iwe kati yako na mifugo. Kengele usiipige. Mchungaji anaweza kuwa mtoto wa miaka kumi, na akishindwa kulirudisha kundi lake kwa sababu yako, ni yeye atakayeadhibiwa jioni.

Usioge wala kutumbukiza miguu kwenye mfereji, hata joto likukaze namna gani. Maji yasiyo ya chumvi yanayokwenda polepole penye majani ndiyo makazi ya konokono wanaoeneza kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi ndani ya dakika chache.

Hatua ya 8: Ziba pancha kwa utaratibu

Ukisikia tairi linalegea, simama hapohapo. Mita ishirini za kuendelea zinaharibu tyubu ambayo kiraka kimoja kingeiokoa. Tafuta kivuli, pindua baiskeli, na kabla ya kutoa tairi lizungushe taratibu ukitafuta mwiba. Ukiupata, weka alama mahali pake, ndipo uung'oe kwa koleo.

Porini weka tyubu ya akiba na uzibe iliyotoboka wakati wa mapumziko, maana solusheni inahitaji kukauka dakika tano kabla ya kubandika kiraka, na vumbi likitua juu yake hakitashika. Kabla ya kurudisha tairi, pitisha vidole tena ndani. Nimeshuhudia mwenzangu akitumia tyubu zake zote mbili mfululizo kwa mwiba mmoja uleule uliobaki umevunjikia ndani ya mpira wa tairi, ukionekana kwa ncha ndogo kuliko punje ya uwele.

Ukishajaza, subiri dakika tatu na ubonyeze tena. Kama haijalegea, endelea.

Hatua ya 9: Linda maji na weka mahali pa kugeuza

Kunywa kidogokidogo kila robo saa, kabla ya kiu. Usitegemee kujaza njiani: maji ya visima vingi vya tambarare hii yana chumvi, nayo huongeza kiu badala ya kuiondoa. Pakiti moja ya ile chumvi ya kuzuia upungufu wa maji mwilini ichanganye kwenye lita moja ya maji safi na uinywe katikati ya safari.

Jiwekee kanuni mbili za kugeuza na uziandike kwenye karatasi yako. Maji yakibaki nusu kabla hujafika nusu ya njia, geuza. Saa 3:30 ikikukuta bado unaelekea mashariki, geuza, hata kama mahali ulipopania panaonekana kwa macho. Mwenzenu akiacha kutoka jasho, akilalamika kichwa au akianza kujibu maswali kwa kuchelewa, mwekeni kivulini, mloweshe shingo na kwapa, na mpige simu kwa yule mtu mliyepewa jina lake kijijini; pikipiki ya kutoka kwake itafika haraka kuliko msaada wa kutoka mjini. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Hatua ya 10: Safisha kabla ya kulala

Vumbi la karibu na bwawa lina chumvi, nayo hula cheni, nati na spoku kwa siku chache tu. Jioni hiyohiyo futa baiskeli yote kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi, kausha, safisha cheni kwa mafuta ya taa kidogo kwenye mswaki wa zamani, iache ikauke, kisha tia tone moja la oili kwenye kila kiungo na ufute yote yaliyozidi. Oili inayobaki nje hukusanya vumbi na kuwa msasa.

Toa matairi kwa mara ya mwisho na ung'oe miiba yote iliyobaki, ukiihesabu. Ziba tyubu zako, zijaze upepo kidogo na uziache mpaka asubuhi. Ile itakayokuwa bado imejaa kutakapokucha ndiyo irudi kwenye mfuko wa safari ijayo.